Talanta Moja Nayo ni Mali

Maneno yaliyonenwa mbele ya waalimu na Wakristo wa mitaa, katika Jubilii ya miaka 100 ya Dayosisi ya Masasi



Tumepewa kazi ya kusema juu ya vipawa ambavyo Mungu huwapa watu wake, na jinsi vipasavyo kutumiwa kwa ajili ya wenzetu. Neno hili twalisikia mara nyingi, na labda kwa sababu hiyo halituchomi tena. Mwalimu akitaja talanta katika mahubiri, kila mtu humkumbuka mwenzake: huyu mwenye sauti nzuri, yule aliyesoma mpaka chuo, fulani aliyevuna korosho nyingi mwaka huu. Hukubali kwamba watu kama wale yawapasa kumtumikia Mungu zaidi, kisha hujikalia kimya kama mtu aliyesikia habari za kijiji cha mbali. Basi leo twataka kumtazama yule wa tatu katika mfano wa Bwana, aliyepewa talanta moja, maana twaona wengi wetu tumekaa upande wake, na twaona tena ya kuwa dayosisi hii ilijengwa na watu wa jinsi yake.

Habari yake imeandikwa katika Mathayo, sura ya 25. Watu husikia talanta moja wakadhani ni kitu kidogo, kama senti katika kiganja cha mtoto. Sivyo hata kidogo. Talanta ilikuwa uzani wa fedha, na thamani yake ilipata dinari 6,000. Na dinari moja, kama tujuavyo katika mfano wa wale vibarua wa shamba la mizabibu, ndiyo ijara ya kutwa nzima. Hesabuni, ninyi waalimu mlio na chaki. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, talanta moja ni ijara ya miaka 20. Mtumwa yule wa tatu alikabidhiwa mali ambayo kibarua angeitafuta ujana wake wote asiimalize. Alipungukiwa na nini basi? Alikuwa na chini ya wenzake, akaitazama mikono yao kuliko mkono wake.

Tena fikirini kosa lake lilikuwa nini. Hakuiba. Hakuilewea. Hakucheza kamari. Alichimba shimo, akaihifadhi, na bwana wake aliporudi akamtolea kamili. Katika mabaraza yetu mtu wa namna hii angesifiwa kuwa mwaminifu, na yamkini angewekwa awe mtunza sanduku la mtaa. Walakini bwana wake alimhukumu kwa ukali, na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kutaja kilichompeleka shimoni: aliogopa. Mlishike neno hilo la hofu, maana tutalirudia.

Sasa tutazame jinsi Kanisa lilivyofika katika nchi yetu. Mwaka 1926 ndipo Masasi ilipotengwa na Zanzibar ikawa dayosisi kwa jina lake, na Vincent Lucas akawa Askofu wa kwanza. Ndiyo miaka 100 tunayoihesabu. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa miaka 50 kabla yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake, waliotamani kurudi makwao upande wa Ziwa Nyasa. Walishuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Walipofika penye majabali haya ya Masasi waliona nchi njema yenye maji, na Nyasa ingali mbali sana. Wakakubaliana wakae papa hapa. Hivi safari ya Nyasa ikaishia Masasi, na kijiji cha Kikristo kikaanza.

Watu wale walikuwa nani? Katika vitabu majina ya Wazungu yameandikwa kila ukurasa, nayo yastahili heshima, maana wengi wao wamelala katika makaburi ya nchi hii. Majina ya waliokombolewa tuyajuayo ni machache. Walikuja hawana ukoo hapa, wala shamba, wala mifugo. Wengine walitekwa wangali watoto, hata hawakumbuki sura ya mama aliyewazaa. Mtu akiwaona njiani angesema, Hawa ni wa kusaidiwa, watamsaidia nani? Nao walikuwa wakijua kulima na kujenga, walijua sala za asubuhi na jioni, na baadhi yao walijua kusoma. Hiyo ndiyo mali waliyokuja nayo, nao hawakuizika. Wenyeji waliowazunguka walisikia Injili kwanza kwa kuwaona hao wakilima Jumatatu na kusali Jumapili.

Kabla hatujaendelea mbele, yafaa tumtaje mtu mmoja wa misafara ya siku zile, yaani James Chuma. Alikuwa Myao, akakombolewa utumwani angali kijana mwaka 1861. Yeye na Abdullah Susi na wenzao ndio walioichukua maiti ya David Livingstone, aliyefariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwezi wa Mei 1873. Waliichukua hata wakaifikisha Bagamoyo Februari 1874, safari ya miezi mingi katika nchi zenye maradhi na vita. Habari hii huimbwa kama sifa ya uaminifu, na kweli ni uaminifu. Sisi twapenda kuitazama kwa upande mwingine. Maiti ilipokuwa mbele yao, ilitakiwa kupasuliwa na kukaushwa isioze. Nani ajua kazi hiyo? Alikuwamo Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari huko Unguja. Aliyokuwa ameyaona katika nyumba ya bwana wake siku zile, leo yakahitajiwa. Moyo ulipozikwa chini ya mti, ilitakiwa ibada ya maziko. Nani ataisoma? Alikuwamo Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na Misheni huko Nasik, Bara Hindi. Akasoma, kisha akachonga maneno katika gamba la mti. Chuma na Susi walijua njia, na lugha, na jinsi ya kusema na wafalme wa njiani. Wengine walijua kubeba tu, na kama si wao maiti isingetoka Chitambo.

Angalieni jambo hili, maana kwetu ndilo lililo kubwa kuliko yote tutakayosema leo. Hapana hata mmoja katika hao aliyekaa chini akajiuliza, Kipawa changu ni kipi? Haja ya mwenzao iliwajia, ikakichimbua kipawa kutoka mahali kilipolala. Farijala hakujua kwamba alikuwa amesoma kitu katika nyumba ya daktari. Alidhani anachota maji na kuosha vyombo. Sisi twafanya kinyume. Kijana huja kwa mwalimu akauliza, Mwalimu, mimi Mungu amenipa karama gani? Naye hungoja ajibiwe, na siku zinakwenda, na jirani yake amelala mgonjwa siku nne hajaletewa hata kuni. Kijana wa namna hiyo asiambiwe habari za karama, atumwe kuni. Akirudi atakuwa amekwisha kujua kitu.

Na Chuma, baada ya sifa zile zote, hakukaa kitako kuzila. Aliongoza misafara ya Misheni. Mwaka 1875 alikuwa pamoja na Askofu Steere katika safari ya kwenda kwa Mataka katika nchi ya Wayao, mwaka mmoja kabla ya kuanzishwa Masasi. Alifariki Unguja mwaka 1882.

Kadhalika kile Kitabu tukisomacho kanisani. Agano Jipya zima kwa Kiswahili cha Askofu Steere lilitolewa mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na Biblia nzima mwaka 1891. Watu husema Steere ndiye aliyefasiri, nao hawakosi. Lakini nani aliyemfundisha maana ya maneno? Wenyeji wa Unguja, na baadhi yao walikuwa Waislamu wenye elimu, ambao Mungu aliwapa lugha safi nao hawakumnyima mgeni. Na nani aliyepanga herufi katika kiwanda cha Misheni? Vijana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Aliyewahi kuiona kazi hiyo ajua ilivyo: herufi ni vipande vidogo vya risasi, huokotwa kimoja kimoja, na mtu huzisoma zimegeuka kama katika kioo. Kosa la herufi moja laweza kuligeuza neno la Mungu likawa mzaha. Vijana wale hawakuhubiri, waliokota risasi. Na mahubiri yetu yote tangu siku zile yamesimama juu ya vidole vyao.

Waliokwenda Unguja wameliona Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Huko wageni huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa juu chini, na husemwa kwamba mafundi walizisimika hivyo Askofu alipokuwa hayupo. Wengine huzicheka. Sisi twaona nguzo zile zimechukua mzigo wake miaka hii yote, wala paa halijaanguka. Yule asemaye, Sitaki kuimba mpaka nijue kuimba sawasawa, akatazame nguzo zile.

Turudi upande wetu wa bara. Mwaka 1882 Magwangwara waliipiga Masasi. Nyumba zilichomwa moto, watu wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Watu ambao walikuwa wamekwisha kuonja utumwa mara moja waliufungiwa mara ya pili. Kazi ikahamia Newala kwa muda. Kwa macho ya kibinadamu ilikuwa imekwisha.

Miaka minne baadaye, mwaka 1886, alikuja Chitangali, upande wa Newala, shemasi mmoja jina lake Cecil Majaliwa. Naye alikuwa Myao aliyetekwa angali mtoto akauzwa Unguja. Misheni ilimlea, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury katika Uingereza kusoma kwa muda. Mtu aliyekwisha kuona hayo yote angeweza kuomba akae Unguja, penye vitabu na rafiki na samaki wabichi, na hapana ambaye angemlaumu. Alikwenda Chitangali kwa mfalme Nakaam, yule aliyebatizwa akaitwa Barnaba. Hapakuwa na Mzungu wa kumwegemea. Habari za Magwangwara zilikuwa zikija kila mara, na watu walilala nusu macho. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimweka kasisi katika Kanisa Kuu la Unguja, akawa Mwafrika wa kwanza wa Misheni yetu kupata daraja hiyo. Naye akarudi kwake Chitangali, akakaa hata mwaka 1897.

Hapa ndipo twataka kulirudia lile neno la hofu. Huenda wengine wadhani Majaliwa alikuwa mtu asiyeogopa. Sisi hatudhani hivyo. Mtu aliyetekwa katika utoto ajua hofu kuliko sisi sote tulioketi humu. Tofauti yake na mtumwa wa tatu haikuwa katika kuogopa. Mtumwa yule aliogopa kisha akamfikiri bwana wake kuwa mgumu, avunaye asipopanda. Akaona afadhali asimkosee kuliko amtumikie. Kumbe alimkosea kwa jambo hilo hilo. Majaliwa alikuwa amemjua Bwana aliyemtafuta sokoni. Mtu akijua kwamba Bwana wake ndiye aliyemkomboa, anaweza kumwendea na hofu yake mkononi, akaenda kazini nayo, kama mama anavyokwenda shambani na mtoto mgongoni.

Wala tusimsahau mkewe, Lucy, aliyelelewa Mbweni pamoja na wasichana wengine waliokombolewa. Katika miji ya Wayao wa siku zile shemasi asingeweza kuingia ua wa wanawake akawafundisha. Mke wake aliweza. Mashamba mengi ya Bwana yana mlango ambao padre hapiti. Mama zetu wanayajua haya, na twawaomba wasingoje waambiwe.

Ng'ambo ya Ruvuma, huko Unangu, alikuwako Padre Yohana Abdallah, aliyewekwa kasisi mwaka 1898. Pamoja na kazi yake ya altare aliona kwamba wazee wa Wayao wanakufa na habari zao zinakwenda nao kaburini. Akaziandika kwa Kiyao, na kitabu chake Chiikala cha Wayao kikapigwa chapa mwaka 1919. Leo mwenye kutaka kujua Wayao walivyokuwa humwendea yeye. Je, kuandika habari za ukoo ni kazi ya Kikristo? Kuwapa watu kumbukumbu yao ni kuwapa kitu, na sisi twaona ni sadaka.

Ikaja vita ya mwaka 1914. Nchi hii ilikuwa chini ya Wadachi, na wamisionari Waingereza wakawekwa kifungoni. Makanisa yakabaki mikononi mwa mapadre Waafrika, na waalimu, na wakeze waalimu. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, vyakula vikachukuliwa, baadaye ikaja njaa, na mwaka 1918 homa kuu. Waalimu wengine walitiwa minyororo kwa kushukiwa tu. Samuel Sehoza, wa upande wa Magila, aliandika mateso hayo katika kitabu chake Mwaka katika Minyororo, kilichotolewa 1921. Na Wazungu waliporudi walikuta kengele bado zinalia. Waliotunza moto ule hawakuwa wote watu wa daraja takatifu. Palikuwa na mtu aliyejua sala kwa moyo kwa sababu vitabu vilichomwa. Palikuwa na bibi aliyejua kubatiza katika hatari ya kufa. Palikuwa na mwenye jembe aliyemlimia mwalimu ili mwalimu afundishe.

Twawaombeni hapa mwangalie tofauti, maana inatuhusu leo. Kanisa lilisimama mwaka 1914 kwa kuwa vipawa vilikuwa vimekwisha kugawanyika katika watu wengi. Lingekuwa mikononi mwa mtu mmoja, lingefungwa siku aliyofungwa yeye. Sasa tazameni mitaa yetu. Twajua vijiji ambavyo padre hufika mara moja kwa mwezi, na wakati wa mvua hata hiyo haipatikani. Katika siku nyingine zote kazi ni ya mwalimu. Mwalimu hupiga kengele, huongoza wimbo, husoma masomo mawili, huhubiri, huandika daftari, huhesabu sadaka, na Misa ikiwa ya watoto yeye ndiye huwanyamazisha. Wakristo husema, Mwalimu wetu ni hodari! Nasi twasema kwamba mtaa wa namna hiyo uko katika hatari kubwa. Siku mwalimu yule atakapougua, mlango utafungwa, nyasi zitaota penye kizingiti, na watoto watakwenda waendako. Tumeyaona haya katika kijiji kimoja, wala hatutakitaja. Kanisa lake sasa ni banda la kuanikia korosho wakati wa msimu.

Mwalimu aliye mwema hupimwa kwa mambo asiyoyafanya. Kama kuna kijana asomaye vizuri, mwalimu asisome. Kama mzee fulani anajua kupatanisha watu waliogombana mpaka wa shamba, mwalimu asikimbilie kuwa hakimu. Askofu Lucas, kabla hajawa Askofu, alikuta jando ikiwagawanya Wakristo: wengine waliacha kanisa ili wawaingize watoto wao, wengine waliacha mila wakadharauliwa na ukoo. Hakutoa amri peke yake chumbani. Alikaa pamoja na mapadre wenyeji na wazee, kwa kuwa wao ndio waliojua lipi katika jando ni adabu ya kumfanya mtoto awe mtu, na lipi halipatani na ubatizo. Na kwa hekima yao jando ya Kikristo ikafanywa. Watu wengine walimlaumu, na mpaka leo wako wanaobishana juu ya jambo hilo. Lakini hekima ile ilikuwa ya wazee, nao walipoombwa waliitoa. Laiti tungewaomba wazee wetu leo mambo mengi kama hayo! Wengi wao wamekaa ukutani wakiota jua, hakuna awauliziaye neno.

Twamjua mjane mmoja katika uwanda wa juu wa Makonde. Ninyi wa huko mwajua taabu ya maji tangu zamani: wanawake walikuwa wakishuka genge mpaka chemchemi za bondeni, wakapanda tena na vyombo kichwani, na vijiji vingine havijapumzika bado. Mjane huyu hajui kusoma. Hana sauti ya kuimba. Akiimba watoto hucheka, naye hucheka pamoja nao. Lakini mtu akifa kijijini, kabla ya turubai kufungwa na kabla ya mwalimu kufika, ndoo ya kwanza ya maji katika nyumba ile ni yake. Hufika alfajiri, huiweka mlangoni, huingia jikoni akawasha moto, wala hasemi neno mpaka wenye msiba waanze kusema. Haulizi kama aliyekufa alikuwa Mkristo au Mwislamu. Nyumba moja iliyokuwa na chuki na kanisa kwa miaka mingi imemleta mtoto wao katika darasa la ubatizo, na walipoulizwa sababu, walitaja ndoo.

Tulimwuliza mama huyo habari ya kipawa chake. Akasema yeye hana, angekuwa nacho angekuwa katika kwaya.

Tena kuna wale wenye vipawa vinavyoonekana: fundi wa kuchonga mpingo, muuguzi, kijana ajuaye kutengeneza pikipiki na simu, binti ajuaye hesabu kwa vyeti. Hawa twasema nao kwa upole, maana wengi wao wana nia njema. Mungu hachukii mtu auze kazi yake. Fundi naye hula. Bezaleli na Oholiabu, ambao Kitabu cha Kutoka chasema kwamba Mungu mwenyewe aliwapa ustadi wa kuchonga na kufua na kufuma, walikuwa mafundi wa kazi ya mikono, na Bezaleli amenenwa waziwazi kuwa amejazwa Roho kwa kazi hiyo. Basi seremala asidhani kwamba randa yake ni ya dunia na msahafu ni wa mbinguni. Tunaloliogopa ni mtu mwenye bei kwa tajiri asiye na saa kwa maskini. Binti ajuaye hesabu, ukimwomba akague kitabu cha kikundi cha akina mama wanaowekeana fedha, husema hana nafasi. Na akina mama wale huibiwa na mtu mmoja ajuaye kuandika kuliko wao. Dorkasi wa Yafa alishona nguo kama washonaji wengine wa mji. Lakini alipokufa walioleta kilio walikuwa wajane, nao walimwonyesha Petro kanzu walizovaa. Wewe uliye fundi, fikiri siku yako itakapofika nani atasimama katika ua wako, naye ataonyesha nini.

Kuna na wale ambao tumewanyang'anya vipawa vyao sisi wenyewe kwa kutowatazama. Kiziwi ambaye hakuna aliyejifunza kusema naye kwa mikono. Msichana aliyezaa kabla ya ndoa, akawekwa nyuma, na huko nyuma amebaki hata baada ya toba yake kupokelewa na Kanisa. Yeye ndiye angejua kusema na wasichana wengine, maana mama zao hawajui waseme nini. Mlevi aliyeacha pombe. Twaomba wazee wa kanisa wasiwe wepesi kusema, Huyu hafai. Waliofika Masasi mwaka 1876 wasingefaa katika hesabu ya mtu ye yote.

Tumekwisha kusema vya kutosha, na jua limepanda. Tuna jambo moja la kutangaza. Katika kila mtaa, kuanzia Jumapili ijayo, litawekwa daftari juu ya meza penye mlango, baada ya Misa. Lina safu mbili. Katika safu ya kwanza haliandikwi jina la mwenye kipawa, bali huandikwa haja: mgonjwa fulani hana wa kumpikia, darasa la watoto halina mwalimu, paa la mjane fulani linavuja, kuna mzee atakaye kusomewa Injili kwa kuwa macho yake yamefifia. Kila mtu aandike haja aijuayo, awe Mkristo au si Mkristo huyo mwenye haja. Safu ya pili ni ya yule atakayekwenda. Asijitangaze katika kanisa, wala mwalimu asimsome kwa sauti. Aandike jina lake tu mbele ya haja ile, aende. Wazee wa kanisa walifunge daftari kila Jumamosi jioni, watazame ni mistari gani imebaki na nafasi wazi, wakaigawane wao wenyewe kabla ya Jumapili. Kalamu tumekwisha kuzinunua, ziko kwa mapadre. Asiyejua kuandika amshike mtoto mmoja mkono, amtajie maneno, mtoto atamwandikia.